Kuhama, Kuhamia

Kiswahili kina vitenzi vitatu vilivyozaliwa tumbo moja lakini havina uzito mmoja. Kuhama ni kuondoka mahali. Kuhamia ni kufika mahali pengine na kupafanya pako. Kuhamishwa ni kuondolewa na mwingine, uwe umependa au hukupenda. Neno uhamisho huyabeba yote matatu bila kutuambia ni lipi limetokea. Mwalimu wa Chemba aliyepewa barua ya kwenda Korogwe amepata uhamisho. Kiungo aliyetoka Parma kwenda Milano amekamilisha uhamisho. Serikali iliyotoka Dar es Salaam kuja Dodoma nayo ilikuwa kwenye uhamisho, na uhamisho huo ulichukua zaidi ya miaka arobaini.

Huo wa mwisho ndio ulionileta hapa. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yaje Dodoma. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa mwaka huohuo. Kisha miaka ikapita, wizara zikabaki Pwani, na mji ukawa unajengwa kwa ajili ya watu ambao hawakuwa na haraka ya kuja. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza, akiwa hapahapa Dodoma, kwamba Serikali yote itahamia. Sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu ilipitishwa 2018. Malori yakashusha makabati na mafaili, na nyuma ya mafaili tukaja sisi.

Pengine ndiyo sababu mjadala wa usajili wa wachezaji huwa mkali sana kwenye vijiwe vya kahawa vya mji huu. Dirisha likifunguliwa, mchezaji akavuka kutoka Yanga kwenda Simba, au akaiacha Dodoma Jiji kufuata penye fedha zaidi, neno la kwanza kusikika ni “msaliti”, la pili ni “njaa”. Wengi wanaoyatamka ni watu waliotoka Mwanza, Mbeya, Tanga na Moshi wakifuata mshahara. Na Simba au Yanga ikija Uwanja wa Jamhuri, umati mkubwa hushangilia wageni dhidi ya timu ya mji wanaoishi. Sisemi haya kuwacheka, maana nami hukaa kwenye benchi lilelile na kikombe changu. Ila nimeanza kuona kwamba tunapomhukumu mchezaji tunajiuliza jambo linalotuhusu wenyewe: mtu ambaye kazi yake ni kuondoka anaweza kuitwa mwaminifu? Na kama anaweza, uaminifu wake ni kwa nani?

Swali hili nimelijaribu kwa McDonald Mariga, kwa sababu safari yake ya uwanjani imekwisha na inaweza kutazamwa mwanzo hadi mwisho. Mariga ni Mkenya, alizaliwa Nairobi mwaka 1987, mtoto wa Noah Wanyama aliyeichezea AFC Leopards. Alikuwa kiungo wa kati, mrefu, mwenye nguvu. Baada ya ligi ya Kenya, ambako aliichezea Tusker miongoni mwa timu nyingine, alikwenda Sweden akiwa kijana wa chini ya miaka ishirini. Alianzia Enköpings SK, klabu ya mji mdogo, kisha mwaka 2005 akajiunga na Helsingborgs IF. Mwaka 2007 akaenda Parma ya Italia. Mwanzoni mwa 2010 akahamia Inter Milan chini ya kocha José Mourinho. Baadaye Inter ikampeleka kwa mkopo Real Sociedad ya Hispania, na ikamrudisha Parma, pia kwa mkopo. Mkataba wake na Inter ulipokwisha alichezea Latina ya daraja la pili Italia, kisha Real Oviedo ya daraja la pili Hispania. Kwa Ulaya pekee hizo ni klabu zisizopungua saba katika nchi tatu.

Kilele cha safari hiyo kilikuwa majira ya kuchipua ya 2010. Tarehe 28 Aprili Inter ilikwenda Camp Nou kulinda ushindi wa 3–1 walioupata Milano katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Thiago Motta alipewa kadi nyekundu kipindi cha kwanza. Inter ilibaki na watu kumi, ikarudi nyuma, ikazuia. Mariga aliingia dakika za mwisho. Barcelona ilishinda 1–0, Inter ikaenda fainali. Tarehe 22 Mei, Madrid, Inter iliifunga Bayern München 2–0 na kukamilisha makombe matatu makubwa katika msimu mmoja. Mariga alikaa benchi dakika zote tisini. Kwetu Afrika Mashariki ilitosha. Kabla yake hakuna Mkenya aliyewahi kucheza katika mashindano hayo.

Mtu mwenye hasira za kijiweni angeweza kuusoma wasifu huu na kusema: hana klabu. Saba zote, na hakuna hata moja inayoweza kusema huyu alikuwa wetu. Ni hoja inayostahili kujibiwa kwa makini, na jibu lake la kwanza liko ndani ya vitenzi vile vitatu.

Tuanze na Inter yenyewe. Januari 2010 Mariga alikuwa mbioni kujiunga na Manchester City. Klabu mbili zilikuwa zimeelewana. Kilichokwama ni kibali cha kazi: kwa kanuni za Uingereza za wakati huo, mchezaji kutoka nje ya Ulaya alipaswa kutoka kwenye taifa lililo juu katika orodha ya FIFA, na Kenya haikufikia nafasi hiyo. Hata Waziri Mkuu wa Kenya, Raila Odinga, aliingilia kati kumwombea. Muda ulikwisha, na Inter ikamchukua. Hivyo hatua kubwa kuliko zote katika maisha yake ya soka iliamuliwa kwa sehemu na matokeo ya mechi za timu ya taifa, na karatasi iliyokosa muhuri. Tunamwita aliyehama. Sarufi ya tukio inasema alikuwa kati ya kuhama na kuhamishwa.

Halafu kuna mkopo. Neno hili tumelizoea hadi halitushtui: binadamu aliyetolewa kwa mkopo. Katika nyanda hizi kavu za kati wafugaji wana desturi ya kukabidhi sehemu ya mifugo yao kwa ndugu na marafiki wa vijiji vingine. Ukame ukipiga upande mmoja, kundi lote haliishi. Aliyekabidhiwa hukama maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe na ndama hubaki mali ya mwenyewe. Mkopo wa soka unafanana na hilo kwa karibu sana. Tofauti kubwa ni kwamba ng'ombe hasaini. Mchezaji husaini, kwa hiyo tunasema ameridhia. Lakini mchezaji ambaye ameambiwa na kocha kwamba hana nafasi kwenye kikosi, ambaye majeraha yamemla misimu, na ambaye umri wake wa kucheza hauzidi miaka kumi na mitano, anaridhia kwa namna ileile ambayo mtumishi wa umma huridhia barua ya uhamisho: anaweza kukataa, lakini kukataa kuna bei.

Hali hii ilikuwa mbaya zaidi zamani. Mwaka 1990 mkataba wa Mbelgiji Jean-Marc Bosman na klabu yake ya RFC Liège ulikwisha, na Dunkerque ya Ufaransa ilimtaka. Klabu yake, ambayo haikuwa tena na mkataba naye, bado ilikuwa na haki ya kudai ada kabla ya kumwachia. Makubaliano ya ada hiyo hayakukamilika, na Bosman hakwenda. Alikwenda mahakamani, na tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ya mjini Luxembourg ikaamua kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba yuko huru kwenda klabu nyingine ya Umoja wa Ulaya bila ada. Uhuru ambao Mariga aliutumia alipomaliza muda wake Inter ulilipiwa na mtu mwingine, ambaye yeye mwenyewe hakunufaika nao sana. Hivyo kabla ya kuuliza kama mchezaji ni mwaminifu kwa klabu, inafaa kukumbuka kwamba kwa muda mrefu alichoitwa uaminifu kilikuwa ni mlango uliofungwa kwa nje.

Nikiwa Dodoma siwezi kulifikiria hili bila kufikiria Wagogo, wenyeji wa ardhi niliyohamia. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeandika kitabu kuhusu ng'ombe na undugu miongoni mwa Wagogo kilichotoka 1969, alionyesha jinsi kaya zilivyokuwa zikihama mara kwa mara, zikifuata mvua, malisho na majirani wema. Kuhama hakukuwa usaliti wa ardhi. Kulikuwa ndiyo njia ya kuishi nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja Operesheni Dodoma, na kaya zikakusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Watu waliozoea kuhama walihamishwa ili wasihame tena. Ndipo ninapoona kwamba hukumu ya kimaadili haiwezi kukaa kwenye tendo la kuondoka peke yake. Anayekaa anaweza kuwa amezuiwa, na anayekwenda anaweza kuwa amesukumwa.

Hata hivyo, kumwondolea mchezaji lawama kwa kusema hakuwa na hiari ni kumnyang'anya utu wake. Mariga hakuwa furushi. Zipo hatua alizozichagua, na mtu anayechagua anadaiwa. Anadaiwa nini, na nani?

Ugogo una jibu la kale. Misafara ya pembe kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa, na hapa ndipo palipokuwa pakavu kuliko sehemu nyingine za njia. Watemi wa Kigogo walimiliki visima na malisho, na kila msafara ulilipa hongo: vitambaa, shanga, waya. Burton alilalamika katika miaka ya 1850, Stanley akalalamika baada yake. Leo neno hongo limebaki na maana ya rushwa tu, lakini asili yake ilikuwa na mantiki safi: umepita kwetu, umekunywa maji yetu katika nchi isiyo na maji, usiende kana kwamba hapakuwa na mtu. Bila shaka njia hiyohiyo ilipitisha pia watu waliouzwa kweli, wakiwa wamefungwa. Kwa sababu hiyo hunichoma kidogo gazeti likiandika kwamba mchezaji “ameuzwa”. Kinachouzwa leo ni mkataba, na tofauti hiyo si ndogo.

FIFA nayo ina hongo yake kwa maana ile ya zamani. Tangu 2001 kuna kanuni ya mchango wa mshikamano: mchezaji akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zote zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka wa kati ya miaka 12 na 15 una robo ya asilimia, kila mwaka wa kuanzia 16 una nusu asilimia. Ada ikiwa euro milioni 1, euro 50,000 zinarudi nyuma kwenye njia aliyopita. Timu ya mtaani iliyomlea kwa mwaka mmoja akiwa na miaka 13 ingestahili euro 2,500, kiasi kinachoweza kununua mipira na viatu vya kikosi kizima. Sharti ni kwamba timu iwe imesajiliwa na iwe na kumbukumbu kwamba mtoto huyo alipita kwao. Timu nyingi za kwetu hazina karatasi hiyo. Mara nyingi tunamlaumu mchezaji kwamba amewasahau waliomlea, wakati waliomlea hawakumwandika popote.

Kufikia hapa hoja yangu inaonekana nyepesi: mchezaji yuko huru kuhama, mradi atimize mkataba na njia ilipwe chake. Kama ningeishia hapo ningekuwa nimeandika utetezi wa kila anayeondoka, nami mwenyewe nikiwemo. Kuna hoja nzito upande wa pili, na sitaki kuikwepa.

Chukua sekondari ya kata katika wilaya yoyote ya mkoa huu: Bahi, Kondoa, Mpwapwa. Mwalimu pekee wa fizikia anaomba uhamisho baada ya miaka miwili. Ametimiza masharti. Hajavunja mkataba. Alipokuwepo alifundisha kwa moyo. Anaondoka, na kidato cha tatu kinabaki na kitabu kimoja na ubao. Je, tutasema hakuna aliyekosewa? Inter ilipomkosa kiungo ilinunua mwingine. Wale watoto hawana dirisha la usajili. Mganga wa zahanati, bwana shamba, mkunga: kuondoka kwa kila mmoja ni haki yake, na jumla ya haki hizo ni kijiji kisicho na mtu.

Kwa hiyo uzito wa kuondoka haupimwi kwa anayeondoka peke yake. Hupimwa kwa aliyebaki: anapoteza nini, na je, naye ana njia ya kuondoka? Pale ambapo wote wawili wanaweza kuachana na kila mmoja akaendelea, kuhama ni mabadiliko ya kawaida ya maisha. Pale ambapo mmoja ana miguu na mwingine amefungwa, mwenye miguu anadaiwa zaidi ya mkataba. Kwa kipimo hiki Mariga hana deni kubwa kwa Parma. Kinyume chake ndicho kilichotokea baadaye: wachezaji wa Parma walikaa miezi bila mishahara, na Machi 2015 klabu ikatangazwa kufilisika, ikaanza upya daraja la nne. Mashabiki husema mchezaji huja na kuondoka, klabu hubaki. Safari hii klabu ndiyo iliyowaacha wachezaji.

Lakini hata kwa yule mwalimu, sioni haki ya kumtupia mzigo wote. Mchumi Albert Hirschman, ambaye mwenyewe aliikimbia Ujerumani mwaka 1933 akiwa kijana, aliandika kitabu mwaka 1970 chenye wazo ninaloliona kila siku mjini hapa. Mtu asiyeridhika na chombo alichomo ana njia mbili: kutoka, au kusema. Uaminifu ndio unaomfanya aahirishe kutoka ili kwanza aseme. Tukigeuza hilo tunapata onyo kwa wakubwa: ukiziba midomo, usishangae milango ikijaa. Mwalimu aliyeomba nyumba, maji na mwenzake wa kugawana vipindi, akaandika barua, akasubiri, akaandika tena, hatimaye anasema kwa miguu. Mchezaji aliyekaa benchi msimu mzima hana kikao cha kupeleka malalamiko. Ana wakala, na wakala ana simu. Tunapodai uaminifu kutoka kwa watu tusiowasikiliza, tunachodai hasa ni ukimya.

Kuna jambo jingine ambalo kijiwe hulisahau. Shabiki hahami timu, na tunamheshimu kwa hilo. Lakini timu haimlipi shabiki, haimpimi goti, wala haimwambii Juni kwamba nafasi yake imechukuliwa na kijana wa miaka 19. Uaminifu wake ni wa kweli, ila ni uaminifu wa mtu asiyeweza kufukuzwa. Kuupima wa mchezaji kwa rula hiyo ni kumlinganisha mpangaji na mwenye nyumba katika suala la nani amekaa muda mrefu.

Nikaacha kuuliza amekaa muda gani. Nikaanza kuuliza: alipofika, alihamia? Waliotutangulia walikuwa na kipimo kikali kwa wageni: siku mbili mgeni, siku ya tatu mpe jembe. Ukipewa jembe umeacha kuwa mgeni. Mchezaji wa kulipwa hapewi hata hizo siku mbili. Anashuka kwenye ndege Jumanne, Jumamosi yuko uwanjani akikimbia mbele ya watu ambao lugha yao haijui, akitegemea mwenzake aliyemwona mara nne. Kiungo zaidi ya wengine, kwa sababu kazi yake, kama jina lake, ni kuunga: anapokea kutoka nyuma na kuachia mbele. Akifika mwili tu, timu nzima inaona kabla ya mapumziko.

Mtanzania anayenionyesha hili vizuri ni Novatus Dismas Miroshi. Kutoka Azam alikwenda Israel, kisha Zulte Waregem ya Ubelgiji, na mwaka 2023 akajiunga kwa mkopo na Shakhtar Donetsk, kabla ya kwenda Göztepe ya Uturuki mwaka 2024. Simama kwenye Shakhtar. Klabu hiyo haijacheza Donetsk tangu 2014, vita vilipoingia mjini. Uwanja wake mkubwa uliofunguliwa 2009 umebaki nyuma, nayo imekuwa ikiita nyumbani Lviv, Kharkiv, Kyiv. Katika Ligi ya Mabingwa ya 2023 mechi zake za nyumbani zilichezwa Hamburg, Ujerumani. Jina bado ni Donetsk. Kijana wa Kitanzania aliyejiunga nayo alikuwa mgeni katika klabu ya wakimbizi. Alihamia wapi? Hakuna ramani inayojibu. Alihamia kwenye kikosi, kwenye mazoezi ya asubuhi, kwenye watu waliohitaji miguu yake Jumatano hiyo. Na klabu yenyewe, iliyohamishwa kwa mabomu, imeendelea kuwa ileile kwa sababu wapo wanaofika kila siku na kuitengeneza upya.

Dodoma ina kielelezo cha upande wa pili. Wapo wenzangu waliofika 2017 na hadi leo hawajahamia. Ijumaa mchana mji huanza kupungua. Tangu treni ya umeme ianze safari mwaka 2024, Dar es Salaam iko umbali wa saa zisizozidi nne, na Jumatatu asubuhi watu hurudi na mabegi madogo. Wengine wana sababu nzito: mke anafanya kazi Temeke, mtoto anatibiwa Muhimbili. Siwazungumzii hao. Namzungumzia mtu ambaye kwa miaka yote hii hajui jina la mwenyekiti wa mtaa wake, hununua hata mchele Dar, na kila sentensi yake kuhusu mji huu huanza na “huku kwenu”. Hajamsaliti mtu. Hajahama hata mara moja tangu aletwe. Kwa hesabu ya miaka amekaa mahali pamoja kuliko Mariga alivyokaa Helsingborg. Lakini kama uaminifu ni kuwepo pale ulipo, yule kijana wa Nairobi kwenye baridi ya Sweden alikuwa mwenyeji zaidi, kwa sababu asingeweza kucheza hata dakika kumi bila kuwepo.

Helsingborg inanipa jambo la mwisho. Mariga akiwa huko, mwaka 2006, alirudi Henrik Larsson, mzaliwa wa mji huo, aliyekuwa ameondoka 1993 akapita Feyenoord, Celtic na Barcelona. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na si kila mtu hujaliwa kurejea akiwa bado na pumzi ya kucheza. Kijana wa Kikenya alivaa jezi moja na mzee aliyeizunguka dunia na kurudi. Sijui alijifunza nini kwake. Najua alichofanya. Mdogo wake, Victor Wanyama, alimfuata Helsingborg akiwa kijana mdogo, na baadaye akafika Celtic, Southampton na Tottenham. Mlango ambao kaka aliupita hakuufunga nyuma yake.

Kurudi kwa Mariga hakukuwa rahisi. Mwaka 2019 aligombea ubunge wa Kibra, Nairobi, katika uchaguzi mdogo. Mwanzoni tume ilikataa kumpitisha kwa sababu jina lake halikuonekana kwenye daftari la wapiga kura. Baadaye aliruhusiwa, akagombea Novemba, akashindwa na Imran Okoth. Mtu aliyeandikishwa kwenye klabu saba za Ulaya alitafutwa kwenye daftari la kwao akakosekana. Wapinzani wa kuhama wangeweza kuishia hapo. Lakini Desemba 2024 alichaguliwa makamu wa rais wa Shirikisho la Soka la Kenya. Kama atafanya vema au vibaya, kazi itasema. Ninachoona ni kwamba sasa yuko mahali ambapo anaweza kuhakikisha mtoto wa miaka 13 anaandikwa, ili siku akiondoka, njia yake ilipwe.

Katika utumishi wa umma tuna utaratibu usiopendwa na mtu, unaoitwa makabidhiano. Ukipata uhamisho unaandika ulichokikuta, ulichokifanya, kilichobaki, funguo ziko wapi, nani anajua nini. Wengi hujaza ukurasa mmoja dakika za mwisho, gari likiwa linaunguruma nje. Sasa naona karatasi ile ndiyo yenye maadili kuliko hotuba zote za kuagana. Mwalimu wa fizikia anayemfundisha mwenzake wa hisabati mada nne kabla ya kuondoka, na kumwachia notsi na namba ya simu, amepunguza deni lake kwa wale watoto. Hajalimaliza. Amefanya linalowezekana kwa mtu mwenye haki ya kwenda.

Barua yangu inaweza kuja mwezi ujao au isije kabisa, hakuna anayejua. Nimefungua daftari la makabidhiano tangu sasa. Kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika majina ya majirani wa Kisasa, namba ya fundi anayejua valvu ya maji ya mtaa iko wapi, na kesi mbili za ofisini ambazo atakayekuja asizianze upya. Kurasa zilizobaki zinanidai.